Namba 4: shajara ya sumu moja ya mbuzi, Lubumbashi

3 Juni

Mradi umeanza rasmi, maana yake nina daftari jipya, boksi moja la glavu na vichupa tisa vya kuwekea usaha. Asubuhi nilikuwa machinjioni. Mchana nikashuka mtaa wa Katuba kwa mama mmoja anayefuga mbuzi watatu nyuma ya nyumba, kati ya mbabula, jiko la makaa, na kamba ya kuanikia nguo. Mmoja wao, jike la rangi ya udongo, ana kivimbe chini ya sikio, kikubwa kama limau, kigumu, hakina joto, na mwenyewe anakula kama hana habari nacho.

"Iko nayo tangu mwaka jana," mama akaniambia. "Nilikata na wembe, bintu nyeupe ikatoka, kikapona. Kisha kikarudia."

"Ile nyeupe mulitupa wapi, mama?"

"Pale pale."

Pale pale ni hapo wanapolala mbuzi wote watatu. Sikusema neno, mbuzi si wangu, na wembe ndiyo dawa iliyokuwa karibu. Nikanyoa manyoya, nikapaka iodini, nikachoma sindano nene na kuvuta. Usaha ulitoka kwa shida, mzito kama maziwa yaliyoganda, na rangi yake nyeupe ina ukijani kwa mbali. Kwenye kichupa nikaandika 4.

Ninayemtafuta anaitwa *Corynebacterium pseudotuberculosis*. Wazee wa kazi bado humwita basili ya Preisz-Nocard, kwa kuwa Nocard alimpata kwa ng'ombe mwaka 1888 na Preisz akampata kwa kondoo mwaka 1891. Huingia kwenye kidonda kidogo cha ngozi au mdomoni, husafiri hadi kwenye tezi za limfu, na hapo hujenga jipu. Kwa mbuzi majipu mengi hukaa kichwani na shingoni, ambako kila mtu anayaona. Yale ya mapafuni huonekana siku mnyama anapopasuliwa tu. Ugonjwa hauna haraka. Mbuzi anakonda, maziwa yanapungua, ngozi inashuka bei, na mwenye mbuzi anasema "amezeeka".

Nilichoandika kwenye karatasi ya profesa: kupanga orodha ya protini ambazo bakteria hii huzitoa nje ya mwili wake, kuchagua ile iliyo sumu hasa, kisha kuangalia kama bakteria wa mbuzi wa hapa Lubumbashi wanaitoa kweli. Nusu ya kwanza ni ya kompyuta, nusu ya pili ni ya sahani za petri. Profesa akasoma, akakuna kidevu: "Ya kompyuta utamaliza. Ya sahani ndiyo itakutoa jasho." Ni Juni, asubuhi tunapuliza mikono kwa baridi. Jasho ningelipokea kwa shukrani.

6 Juni

Saa 72 zimetimia. Bakteria huyu hana haraka hata kwenye agari, ule ute mgumu wa kukuzia vijidudu kwenye sahani. Ukifungua sahani siku ya kwanza unaweza kudhani hakuna kitu. Leo vipo, vipunje vidogo vyeupe, vikavu, vimekaa juu ya agari kama unga uliomwagika. Ukikisukuma kimoja kwa ncha ya kitanzi kinateleza kizima, hakipasuki. Yaya wa maabara, ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, ambaye amekaa hapa miaka mingi kuliko sisi wote na huwa hasifu mtu, alitazama juu ya bega langu akasema, "Kinateleza. Endelea."

Kwa rangi ya Gram, ile ya kutofautisha bakteria, ni zambarau, vijiti vifupi vilivyolala ovyo kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Kipimo cha katalasi kinatoa povu. Cha urea kimegeuka waridi. Kati ya vichupa tisa, vitano vinaelekea kuwa ndiye, namba 4 ikiwemo. Vitatu ni stafilokoka, ambaye naye hutia mbuzi majipu shingoni na kudanganya watu. Namba 7 ni vurugu tupu, nimeitupa.

11 Juni

Nimesoma siku tatu. Sehemu hii naiandika kwa urefu, kwa sababu nilipoanza sikuielewa, na wadogo zangu wa mwaka wa tatu wataniuliza.

Sumu kuu ya bakteria huyu ni fosfolipasi D. Hapa chini nitaiita PLD. Ni kimeng'enya, yaani protini yenye kazi ya kukata kitu fulani. Inachokata ni sfingomielini, moja ya mafuta yanayojenga utando wa chembe za mnyama. Fikiria molekuli yenye mikia miwili ya mafuta iliyozama ndani ya utando na kichwa kinachochungulia nje. Kichwani kuna kolini. PLD hukata hapo, kolini ikaondoka, na mafuta yaliyobaki hayana tena umbo lililokuwa likishikilia utando vizuri.

Kwenye mishipa midogo ya damu matokeo yake ni kuvuja. Maji ya damu yanatoka, yanajaa kati ya nyama, halafu yanafuata njia yake ya kawaida ya limfu kuelekea kwenye tezi. Bakteria anapanda humo humo. Sumu inamfungulia njia, naye anajipatia usafiri wa bure.

Hili si la kukisia. Mwaka 1992 Hodgson na wenzake, huko Australia, walichapisha habari za bakteria aliyeondolewa jeni moja tu, ile ya pld. Alikua vizuri kwenye chupa, lakini kwa kondoo hakuweza tena kuleta ugonjwa. Jeni moja kati ya elfu mbili na kitu! Ndiyo maana chanjo zinazotumika huko hutegemea PLD iliyouawa makali yake kwa formalini: kinga ya mnyama inajifunza kuitambua sumu, si lazima imtambue bakteria mzima.

Niliposema hivyo kwenye kikao cha Jumatano, mwenzangu mmoja akauliza kwa nini basi tusiagize hiyo chanjo na kufunga mradi. Swali zuri. Profesa akamwambia aanze kwa kutuonyesha friji ya kuitunzia.

15 Juni

Siku mbaya. Nilinunua mega za intaneti za usiku ili nishushe orodha ya protini zote za bakteria huyu wa aina ya 1002, iliyopatikana kwa mbuzi kule Bahia, Brazili, na ambayo jenomu yake imesomwa yote: herufi kama milioni 2.3. Faili lilishuka saa nane usiku. Nikalipitisha kwenye SignalP, programu inayotafuta ule mkia mfupi mwanzoni mwa protini unaoiambia bakteria "hii itoe nje". Asubuhi nikapata orodha safi. PLD imo. Nikafurahi, nikanywa chai.

Halafu nikatafuta CP40, protini ya pili kwa umaarufu kwa bakteria huyu. Haimo. Nikarudia. Haimo. Nikaanza kuandika kwenye daftari hili kwamba aina ya 1002 haina CP40 (ukurasa bado upo, nimeuchora msalaba). Nilikwisha hata kutunga maelezo ya kwa nini. Yaya akapita akauliza faili lina protini ngapi. Sikujua. Nikahesabu alama za mwanzo wa kila protini: zilikuwa elfu moja mia nne na kitu, na ya mwisho imekatika katikati ya jina. Zilipaswa kuwa zaidi ya elfu mbili. Intaneti ilikuwa imekatika, programu ya kushushia ikaona kimya, ikadhani imemaliza.

Kuanzia leo: kwanza nahesabu, kisha nasoma, mwisho ndiyo nafurahi.

19 Juni

Faili zima limepatikana, safari hii kutoka kwenye kompyuta ya idara mchana. Orodha mpya imetoka. CP40 imo. Sina la zaidi.

24 Juni

Leo nimekaa na PLD peke yake. Ina asidi amino 307, yaani vipande vinavyoungana kuwa protini. Za mwanzo 24 ni ule mkia wa kutokea nje, ambao hukatwa mlangoni. Zinabaki 283, na uzito wake ni karibu kilodaltoni 31. Namba hii nimeiandika kubwa ukutani, kwa sababu nikifika kwenye jeli, inayotenganisha protini kwa uzito, ndipo nitakapoitafuta.

Nikaiweka kwenye BLAST, programu inayolinganisha protini, kuuliza ndugu zake ni nani. Wa kwanza walikuwa wale niliowatarajia: *Corynebacterium ulcerans*, ambaye ni jirani wa mlango, kisha *Arcanobacterium haemolyticum*, anayewatia vijana maumivu ya koo. Nikashuka chini ya orodha, mfanano unapungua, asilimia hamsini, arobaini. Kwenye asilimia 30 hivi, likatokea jina *Loxosceles*.

Nikadhani nimebonyeza vibaya. *Loxosceles* ni buibui.

Ni yule buibui wa kahawia ambaye akimuuma mtu nyama ya pale inakufa na kuwa nyeusi. Jamaa zake wa karibu, *Hexophthalma*, wanaishi kwenye michanga ya Namibia na Afrika Kusini, wamejifukia, macho sita. Sumu yao kuu na sumu ya bakteria wa mbuzi wa Katuba zinafanya kazi ile ile, kukata kichwa kile kile cha sfingomielini, na protini zenyewe ni za ukoo mmoja.

Nilikimbia kwa profesa kama mtu aliyeokota dhahabu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akasema Bernheimer na wenzake walilinganisha sumu hizo mbili kwenye jarida la *Science* mwaka 1985, kabla mimi sijazaliwa na kabla mtu yeyote hajasoma mfuatano wa jeni hiyo. Walikuwa na sumu kwenye chupa na chembe za damu tu, wakaona zinafanana tabia. Mwaka 2006 Cordes na Binford wakaenda mbele: kuna kipande kifupi mkiani mwa protini ambacho buibui na bakteria wanacho kwa pamoja, na wakatoa hoja kwamba jeni iliruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Si kwa kuzaliana. Ilihama tu, kama mtu anayeondoka mtaa wa Kenya kwenda Ruashi, humu humu mjini, na godoro lake.

Kwa hiyo sikuvumbua kitu. Lakini kuliona kwa macho yangu saa tano usiku, na kompyuta imebakiza chaji asilimia 12, ni jambo ambalo sitaliuza.

30 Juni

Sikukuu ya Uhuru, maabara imefungwa. Tulikaa kwenye michopo, mbuzi anapasuka mafuta juu ya makaa. Nikawasimulia wenzangu habari za buibui. Mmoja akasukuma sahani yake pembeni. Mwingine akaivuta.

Nilimweleza muuza michopo, kwa kuwa aliuliza: PLD ni protini, na moto huu unaiua. Jipu likionekana kwenye nyama linakatwa na kutupwa pamoja na tezi yake. Hatari iko kwa anayechinja na kupasua, mwenye kidonda mkononi na asiye na glavu. Watu huambukizwa mara chache, ila huambukizwa. Akatazama mikono yake, kisha akaendelea kugeuza nyama.

2 Julai

CP40. Nimepoteza siku nne kwa ajili yake na siwezi kunyamaza.

Kila faili nililoshusha linaiita proteasi ya serini, yaani kimeng'enya kinachokata protini nyingine kwa kutumia asidi amino serini. Jina hilo lilitoka kwenye kazi za miaka ya 1990, ilipogunduliwa kwamba inawapa kondoo kinga, na tangu hapo likanakiliwa. Hifadhi moja ya data inanakili kutoka nyingine, aina mpya ya bakteria inasomwa, programu inaona mfanano, inabandika jina lile lile. Nikiangalia naona mashahidi ishirini. Kumbe ni shahidi mmoja na mwangwi wake.

Mimi nilitaka kuchora mahali serini inapofanyia kazi. Proteasi za serini nyingi zina watatu wanaoshirikiana, serini, histidini na aspatati, na kwenye umbo la protini lazima wakaribiane, kama watu watatu wanaobeba meza moja. Nikashusha umbo lililotabiriwa. Nikapata serini nyingi, histidini kadhaa, lakini kila watatu niliowajaribu walikuwa mbali, mmoja huku, mwingine nyuma ya nyumba. Siku ya kwanza nikasema umbo limetabiriwa vibaya. Siku ya pili nikasema mimi sijui kutumia programu. Siku ya tatu nikaacha kutafuta nilichoambiwa, nikaiuliza protini yenyewe inafanana na nani.

Ikanijibu: familia ya 18 ya vimeng'enya vinavyokata sukari. Alama ya ukoo huo ipo, aspatati mbili tatu kwa nafasi zinazojulikana na glutamati mwishoni. Hakuna proteasi hapa. Na safari hii nilitafuta machapisho kabla ya kukimbilia ofisi ya mtu: Shadnezhad na wenzake walikwisha kulionyesha maabarani mwaka 2016. CP40 hukata sukari zilizoshikamana na kingamwili aina ya IgG. Kingamwili bila sukari zake ni kama askari aliyevuliwa redio: yupo, anamwona adui, lakini hawezi kuita wenzake.

Miaka mingi imepita tangu hapo na jina la zamani bado limo kwenye mafaili. Mtu anayeshusha leo, usiku, kwa mega za kuhesabu, atalichukua kama lilivyo. Kwenye orodha yangu nimelifuta na kuandika kwa kalamu nyekundu. Profesa alipoona wekundu wote ule aliniuliza kama nimegombana na mtu.

9 Julai

Sasa sahani. Kipimo ninachotaka kinategemea ugomvi wa bakteria wawili juu ya mafuta yale yale. Unachora mstari wa stafilokoka, *Staphylococcus aureus*, anayetoa sumu ya beta katikati ya sahani ya damu. Sumu ya beta nayo inakata sfingomielini, ila mahali tofauti na PLD, na hupasua chembe nyekundu. Kisha unachora bakteria wako kwa pembe mraba, karibu na mstari lakini bila kuugusa. Kama anatoa PLD, itakuwa imekata sfingomielini kwanza, na sumu ya beta ikifika haina cha kukata. Pale kwenye njia panda inabaki pembetatu ya damu nzima, nyekundu, yenye ncha kama mshale. Hakuna PLD, hakuna mshale.

Ni kipimo cha maskini na nakipenda. Hakihitaji mashine.

Matokeo ya leo: hakuna kitu. Hakuna mshale, na mbaya zaidi, hata stafilokoka hakufanya eneo lolote la maana. Sahani sita zote nyekundu sare.

10 Julai

Yaya ameinusa sahani, akaigeuza, akauliza damu nilitoa wapi. Nikamwambia: damu ya binadamu, mfuko uliopita muda wake, niliupewa bure.

"Mutoto, sasa binadamu iko mbuzi?"

Ana haki. Chembe nyekundu za kondoo, mbuzi na ng'ombe zimejengwa kwa sfingomielini nyingi, karibu nusu ya fosfolipidi zote za utando wake. Za binadamu ni kama robo tu. Nilikuwa nimewapeleka wakataji miti wawili kwenye uwanja wa mpira. Na kwamba kinachokatwa ni sfingomielini nilikuwa nimeandika mwenyewe, tarehe 11 Juni, kwa urefu!

14 Julai

Damu ya kondoo imepatikana, mililita 50, imetikiswa kwa shanga za kioo isigande. Nikamimina sahani mpya, nikachora bakteria wote watano, nikaziweka kwenye inkubeta nyuzi 37 saa kumi jioni juzi. Jana saa tatu usiku umeme ukaondoka. Jenereta haikuwa na mafuta. Nililala nikijua nimeharibu damu ya kondoo, na damu ya kondoo haipatikani kila siku.

Asubuhi inkubeta ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na Lubumbashi ya Julai mnajua asubuhi zake. Nikazitoa ili nizitupe. Nikaiinua ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha.

Mishale.

Si mishale ya kusukumia matumaini. Eneo la stafilokoka lilikuwa limefunguka, peupe pakavu pande zote za mstari, na mbele ya bakteria wangu kulikuwa na pembetatu nyekundu, kali, kana kwamba mtu kazikata kwa mkasi. Nilikaa chini. Kisha nikakumbuka kitu ambacho kila mwanafunzi hukariri kwa ajili ya mtihani na kukisahau: sumu ya beta ya stafilokoka ni ya moto-baridi. Ikikaa kwenye joto la mwili inakata mafuta, lakini chembe zinabaki zimesimama. Ukiipoza ndipo zinapasuka. Kukatika kwa umeme kulinifanyia hatua ambayo mimi sikuipanga.

Wanne wana mshale. Namba 4 haina.

15 Julai

Namba 4 inanikera. Utelezi wake ni ule ule, urea ile ile, Gram ile ile. Nimeangalia tena sahani: nilipochora namba 4, mkono ulikwenda mbali. Kutoka mwisho wa mstari wake hadi kwa stafilokoka kuna zaidi ya sentimita moja. Wale wengine ni milimita chache. Sumu haina miguu, inasambaa tu ndani ya agari.

Narudia. Safari hii nachora kwa rula chini ya sahani, saa 24 kwenye joto, na baada ya hapo friji kwa makusudi. Nimekopa mafuta ya jenereta kwa jirani wa maabara na nitayalipa.

17 Julai

Namba 4 ina mshale. Mfupi kuliko wa wenzake, lakini upo, na upo kwenye sahani tatu kati ya tatu. Yaya ameutazama, akatikisa kichwa juu na chini mara moja. Nimeweka tarehe.

23 Julai

Nimerudi kwenye kompyuta kwa ajili ya jambo moja tu: kuona mahali PLD inapokatia. Umbo nimelipata kwenye hifadhi ya AlphaFold, programu ya kutabiri maumbo ya protini, ambayo Demis Hassabis na John Jumper walipewa Nobel ya kemia ya 2024 kwa ajili yake. Nikaliweka juu ya umbo la sumu ya buibui *Loxosceles laeta*, ambalo halikutabiriwa bali lilipigwa picha kwa mionzi ya eksi na kuchapishwa mwaka 2005.

Zinalaliana. Zote mbili ni pipa: mbao nane ndani, misokoto nane nje. Mdomoni mwa pipa kuna histidini mbili zinazotazamana, na karibu yao wale wanaoshika ioni ya magnesi. Theluthi mbili za asidi amino ni tofauti kati ya buibui na bakteria, lakini hapo mdomoni kila mmoja yuko mahali pake. Nimeandika angalizo: AlphaFold haikuniwekea magnesi, nimeona kiti chake tu. Na ile habari ya kolini niliyoandika Juni nayo imenyooka zaidi. Kwa sumu za buibui, Lajoie na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba kinachobaki baada ya kukata si fosfati iliyofunguka kama vitabu vilivyosema, bali iliyojikunja kuwa duara. Kitabu changu cha darasani bado kinasema la zamani.

2 Agosti

Jeli. Nilimkuza namba 4 kwenye mchuzi siku mbili, nikachuja, nikazikusanya protini za kwenye maji kwa chumvi ya amonia, nikazipitisha kwenye jeli ya asilimia 12. Kuna mstari ulio wazi, juu kidogo ya kilodaltoni 30. Kuna mingine pia, mmoja karibu na 40 ambao natamani uwe CP40, ila mstari kwenye jeli hauna jina na mimi nimekwisha kupata adabu juu ya majina. Nimeandika "mstari, kama 40".

4 Septemba

Ripoti nimeikabidhi juma lililopita. Kabla ya kufunga daftari nimekwenda Katuba, kwa kuwa nilimwahidi mama kwamba nitarudi na jibu, na nilikuwa nimekawia.

Nikamweleza: ndiye. Asikate tena pale wanapolala. Akikata, akamkatie mbali, avae mfuko wa nailoni mikononi, usaha na pamba vichomwe kwenye mbabula, kidonda kipakwe iodini kila siku, na mbuzi akae peke yake mpaka pakauke kabisa, maana huyu bakteria huishi kwenye udongo kwa miezi. Alinisikiliza huku akichambua sombe, majani ya muhogo.

"Ile mbuzi nilisha kuuzisha, mwana," akasema. "Minervali ya batoto, feza ya masomo, haingoje kivimbe."

Nikamuuliza aliuza wapi. Sokoni, kwa mtu asiyemjua, mwenye kofia. Nikaomba niwaone wawili waliobaki. Dume hana kitu. Jike mdogo, yule mweusi, nilimpapasa taratibu kuanzia kwenye taya, shingo, hadi mbele ya bega la kushoto, na hapo vidole vikakutana na kitu kidogo, kigumu, kama punje ya hindi chini ya ngozi. Mama aliacha sombe akaja kupapasa mwenyewe.

Nimefungua ukurasa mpya na kuandika 10.